Uhandisi wa ndege na vyombo vya angani: Mambo ya kupima kabla ya kuchagua chuo ng'ambo

KILA matokeo ya KCSE yanapotangazwa, hawakosi vijana waliovuna alama za juu katika Hisabati na Fizikia ambao husema nia yao ni kusomea uhandisi wa ndege na vyombo vya angani, tena ughaibuni. Wazazi hufurahi, jamaa huitwa kuchanga, na baada ya miezi michache mtoto huwa njiani kuelekea uwanja wa JKIA akiwa na barua ya chuo ambacho hakuna yeyote katika ukoo aliyewahi kukisikia.

Kusafiri kwenda kutafuta elimu si kosa. Hata hivyo, taaluma hii ina mitego ambayo haipatikani katika uhasibu au ualimu. Teknolojia ya ndege na roketi imefungamana na siri za kijeshi za mataifa makubwa, hivi kwamba mwanafunzi wa kigeni anaweza kufuzu kwa alama za juu kabisa na bado akafungiwa mlango wa kiwanda kilicho karibu na chuo alichosomea. Asiyelijua hilo mapema hulijua baada ya kulipa karo ya miaka minne.

Si rubani, si fundi

Jambo la kwanza kwa familia ni kuelewa shahada yenyewe. Wengi huchanganya kazi tatu tofauti: rubani, mhandisi wa matengenezo na mhandisi anayebuni ndege.

Rubani hupata leseni baada ya kufunzwa katika shule ya urubani na kutimiza saa za kuruka zinazotakiwa. Mhandisi wa matengenezo, ambaye ndiye hutia sahihi kuthibitisha kwamba ndege i salama kupaa, huhitaji leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA). Leseni hiyo hupatikana kwa mafunzo yaliyoidhinishwa, mitihani na tajriba ya miaka kadhaa ya kushika ndege kwa mikono. Mafunzo ya aina hiyo yapo humu nchini, mathalan katika Chuo cha Mafunzo ya Usafiri wa Ndege cha Afrika Mashariki kilichoko Embakasi, Nairobi.

Mwenye shahada ya uhandisi wa anga ni mtu wa namna nyingine. Hufunzwa jinsi hewa inavyopita juu ya bawa na kuliinua, jinsi ya kuunda mwili wa chombo ulio mwepesi lakini usiovunjika, jinsi injini inavyosukuma, jinsi ya kuiongoza ndege isiyumbe, na jinsi setilaiti inavyowekwa katika mzingo wake. Kazi yake ni kubuni, kukokotoa na kufanya majaribio. Shahada hiyo peke yake haimpi idhini ya kutia sahihi kwamba ndege iko tayari kuruka.

Hivyo basi, kijana ambaye ndoto yake ni kufanya kazi katika karakana ya shirika la ndege anaweza kuifikia akiwa hapa nyumbani, kwa gharama ndogo mno ikilinganishwa na ya chuo cha Uingereza au Marekani. Kumpeleka ng'ambo akasomee kubuni ndege ilhali alitaka kuzikarabati ni kupoteza fedha na wakati.

Yaliyopo humu nchini

Kabla ya kuvuka mipaka, ni vyema kuangalia kilichoko karibu. Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha shahada ya uhandisi wa anga, nacho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya (TUK) kina shahada ya uhandisi wa ndege.

Isitoshe, Kenya si mgeni katika masuala ya anga. Setilaiti ya Uhuru, iliyochunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Ngomeni, Malindi. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa mwaka wa 2017. Mwaka uliofuata, setilaiti ndogo ya 1KUNS-PF, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Aprili 15, 2023 setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa kutoka California, Marekani, kwa roketi ya kampuni ya SpaceX.

Historia hiyo ina funzo kwa anayechagua chuo. Uhuru na 1KUNS-PF zilitokana na ushirikiano na Italia, na Taifa-1 ilitengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria. Anayesomea katika nchi yenye uhusiano wa kikazi na Kenya huenda akarejea na mtandao wa watu watakaomfaa, hata kama jina la chuo chake halivumi.

Ithibati kwanza, sifa baadaye

Kosa la kawaida ni kuchagua chuo kwa kufuata orodha za vyuo bora duniani. Orodha hizo aghalabu huupa utafiti wa maprofesa uzito mkubwa. Hazimwambii mzazi iwapo mwanafunzi wa mwaka wa pili ataruhusiwa kuligusa handaki la upepo, yaani chumba maalumu ambamo upepo wa kasi hupulizwa juu ya kielelezo cha ndege ili kupima nguvu zinazokikabili.

Swali lenye uzito zaidi ni hili: je, kozi yenyewe, wala si chuo tu, imepewa ithibati na bodi ya taaluma? Nchini Marekani kazi hiyo hufanywa na ABET. Uingereza, hufanywa na Shirika la Kifalme la Usafiri wa Anga (RAeS) kwa idhini ya Baraza la Uhandisi la nchi hiyo. Afrika Kusini, ni Baraza la Uhandisi (ECSA).

Mabaraza hayo matatu yamo katika Mkataba wa Washington, uliotiwa sahihi mwaka wa 1989, ambao wanachama wake hutambua ubora wa shahada za uhandisi zilizoidhinishwa na wenzao. Afrika Kusini ilijiunga mwaka wa 1999, India 2014 na Uchina 2016. Baadhi ya mataifa ya Ulaya bara, kama vile Ujerumani na Uholanzi, hayamo katika mkataba huo. Hilo halimaanishi kwamba shahada zao ni duni; maana yake ni kwamba anayerejea nazo asitegemee mkataba huo kumfungulia njia.

Anayenuia kurejea nyumbani yafaa aiulize Bodi ya Wahandisi Kenya (EBK) mapema jinsi itakavyoitazama shahada anayoiendea. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka wa 2011, hakuna anayeruhusiwa kujiita mhandisi wa kitaaluma bila kusajiliwa na bodi hiyo, na usajili huanza kwa shahada inayotambuliwa kisha tajriba ya angaa miaka mitatu. Barua moja ya kuuliza, iliyoandikwa kabla ya safari, huokoa miaka mingi ya kusukumana na afisi baadaye.

Hesabu ya miaka

Katika vyuo vya humu nchini, shahada ya uhandisi huchukua miaka mitano. Uingereza, shahada ya BEng huchukua miaka mitatu na ile ya MEng miaka minne. Tofauti yao si ya mwaka mmoja tu. MEng iliyoidhinishwa humtosheleza mtu kielimu kuwania cheo cha juu cha mhandisi nchini humo, ilhali mwenye BEng hulazimika kuongeza masomo mengine. Katika Ulaya bara, shahada ya kwanza huwa miaka mitatu, na waajiri wengi humtarajia mhandisi aendelee miaka miwili zaidi kwa shahada ya uzamili. Marekani na Afrika Kusini, ni miaka minne.

Fauka ya hayo, kuna suala la cheti cha kuingilia. Vyuo vingi vya Uingereza havimpokei mwenye KCSE moja kwa moja katika mwaka wa kwanza wa uhandisi. Humtaka apitie mwaka wa matayarisho, au awe na vyeti vya kiwango cha A katika Hisabati na Fizikia. Ujerumani nayo ina vyuo vya matayarisho kwa wale ambao vyeti vyao vya sekondari havilingani na vya huko. Kwa hivyo, shahada inayotangazwa kuwa ya miaka mitatu huweza kugeuka ya miaka minne au mitano, na karo ikapanda vivyo hivyo.

Marekani: vyuo wazi, viwanda vimefungwa

Marekani ndiyo yenye majina makubwa. Chuo Kikuu cha Michigan kilianza kufundisha uhandisi wa ndege mwaka wa 1914. Purdue ndicho alikosomea Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezini. Vingine vinavyojulikana ni MIT, Georgia Tech na Embry-Riddle.

Tatizo huja baada ya mahafali. Sheria za Marekani za kudhibiti usafirishaji wa teknolojia, maarufu kama ITAR, huzuia maelezo ya kiufundi kuhusu roketi, silaha na vyombo kadhaa vya angani yasipewe wageni bila kibali cha serikali. Kwa sababu hiyo, kampuni nyingi za roketi na za ulinzi hutangaza nafasi kwa raia, wakazi wa kudumu na wachache wengine kama vile wakimbizi waliopewa hifadhi. Mwenye visa ya mwanafunzi hayumo.

Darasani, mgeni husoma kama wenzake, kwani masomo ya kawaida hayazuiwi na sheria hizo. Hata hivyo, baadhi ya miradi ya utafiti inayofadhiliwa na wizara ya ulinzi haimpokei, na nafasi za mafunzo ya kazini wakati wa likizo huwa chache kwake. Baada ya kufuzu, huruhusiwa kufanya kazi kwa muda wa miezi 12, na waliosomea sayansi na uhandisi huweza kuongezewa miezi 24. Ruhusa hiyo haina faida iwapo waajiri wa fani yake hawawezi kumchukua.

Ndiyo maana baadhi ya wageni huko huchagua uhandisi wa mitambo kisha wakachukua masomo ya ndege kama nyongeza. Shahada hiyo huwafungulia viwanda vya magari, nishati na mashine, ambako vizuizi si vikali kiasi hicho.

Uingereza na kibali kisichotajwa

Uingereza, maombi hupitia shirika la UCAS, ambako mwanafunzi huteua kozi zisizozidi tano. Bristol, Southampton na Imperial ni miongoni mwa vyuo vyenye sifa katika fani hii. Bristol ina faida ya ziada kwa kuwa kampuni ya Airbus ina kituo cha kubuni mabawa katika kitongoji cha Filton.

Kuna kibali kimoja ambacho familia nyingi hukigundua wakiwa wamechelewa. Wanafunzi wa mataifa mengi, Kenya ikiwemo, wanaojiunga na masomo nyeti ya kiwango cha uzamili huhitaji cheti cha usalama kiitwacho ATAS kabla ya kuomba visa. Sharti hilo huigusa pia MEng, maadamu shahada hiyo hufikia kiwango cha uzamili, lakini haliigusi BEng. Cheti chenyewe hakilipiwi, ila uchunguzi huchukua wiki kadhaa, na asiyekuwa nacho hapewi visa.

Kuhusu kazi, tangu 2021 waliofuzu wameweza kusalia Uingereza miaka miwili wakitafuta ajira. Mwaka wa 2025 serikali ya huko ilitangaza kwamba muda huo utapunguzwa hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Anayeanza masomo sasa hana budi kupanga kwa kufuata kanuni hiyo mpya.

Ulaya bara: karo nafuu, lugha ngeni

Chuo cha TU Delft cha Uholanzi hufundisha shahada ya kwanza ya uhandisi wa anga kwa Kiingereza, na ni miongoni mwa vinavyoheshimika zaidi ulimwenguni. Nafasi zake huwa na kikomo, waombaji hufanyiwa mchujo, na mwisho wa kuomba ni Januari 15. Anayengoja matokeo ndipo aanze kuulizia huwa ameachwa na basi. Aidha, wasio raia wa Muungano wa Ulaya hutozwa karo iliyo juu zaidi kuliko ya wenyeji.

Ujerumani imesifiwa kwa miaka mingi kuwa nchi ya elimu bila karo. Sifa hiyo haipo kila mahali tena. Jimbo la Baden-Württemberg, liliko Chuo Kikuu cha Stuttgart chenye historia ndefu ya masomo ya anga, limekuwa likiwatoza wageni kutoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na kozi yake ya shahada ya kwanza hufundishwa kwa Kijerumani. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Munich, ambacho kina shahada ya anga kwa Kiingereza, kilianza mwaka wa 2024 kuwatoza wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza kutoka nje ya Ulaya kati ya euro 2,000 na 3,000 kwa muhula.

Juu ya hayo, anayeomba visa ya Ujerumani hutakiwa aonyeshe fedha za kujikimu kwa mwaka mzima zilizowekwa katika akaunti maalumu. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904, zaidi ya Sh1.5 milioni, nazo huwekwa zote kwa pamoja.

Italia, mshirika wa tangu zamani wa Malindi, hukadiria karo katika vyuo vyake vya umma kwa kutazama mapato ya familia. Lakini kozi nyingi za shahada ya kwanza za fani hii huko hufundishwa kwa Kiitaliano.

Uchina, Urusi, Uturuki na Afrika Kusini

Vyuo vya Uchina kama Beihang cha Beijing, kilichoanzishwa 1952, na Chuo Kikuu cha Nanjing cha Masuala ya Anga hupokea wageni wengi, na serikali ya nchi hiyo hutoa ufadhili. Mwombaji aulize lugha ya kufundishia, kwani wanaofadhiliwa katika shahada ya kwanza mara nyingi hutakiwa kujifunza Kichina kwa mwaka mmoja kabla ya kuanza.

Urusi ina Taasisi ya Usafiri wa Anga ya Moscow, iliyoasisiwa 1930. Hata hivyo, tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto Februari 2022, sekta yake ya ndege imewekewa vikwazo na mataifa ya Magharibi, na kampuni za Airbus na Boeing zilisitisha huduma na vipuri kwa mashirika ya huko. Anayekwenda huko apime pia ugumu wa kutuma fedha. Vita hivyo vilitoa funzo lingine: wanafunzi wengi wa Kiafrika waliokuwa Ukraine walilazimika kutoroka, baadhi wakiacha shahada zikiwa nusu. Usalama wa nchi ni sehemu ya kuchagua chuo.

Uturuki, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mashariki ya Kati kilichoko Ankara hufundisha uhandisi huu kwa Kiingereza, na serikali ya huko ina mpango wa ufadhili kwa wageni. Karibu zaidi na nyumbani, Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Johannesburg kina shahada ya uhandisi wa ndege ya miaka minne. Wakenya wengi hukisahau, ilhali Afrika Kusini imo katika Mkataba wa Washington na nauli yake ni nafuu kuliko ya Ulaya.

Shilingi ikiyumba

Karo hupangwa kwa fedha za kigeni lakini mzazi hulipwa kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama Sh123. Januari 2024 ilipita Sh160, kabla ya kushuka tena mwaka huohuo. Kwa familia iliyohitaji dola 20,000 kwa mwaka, mzigo ulitoka karibu Sh2.46 milioni hadi Sh3.2 milioni bila chuo kuongeza hata senti. Anayekusanya fedha za mwaka wa kwanza pekee, akitumai kwamba Mungu atafungua njia ya mwaka wa pili, anahatarisha shahada nzima.

Katika MIT, gharama ya mwaka mmoja hupita dola 80,000, zaidi ya Sh10 milioni. Lakini chuo hicho ni kati ya vichache vinavyomchagua mgeni bila kutazama mfuko wake, kisha humpa msaada kulingana na uhitaji wa familia. Nafasi zake ni finyu mno, ila kiwango cha karo pekee kisimkatishe tamaa mwanafunzi hodari.

Mawakala wajihadhari nao

Mwaka wa 2023 wazazi katika kaunti ya Uasin Gishu walijitokeza barabarani wakidai fedha walizolipa ili watoto wao wapelekwe kusoma Finland na Canada. Kisa hicho kilionyesha kwamba hata mpango wenye sura ya kiserikali huweza kuvunjika. Mzazi asilipe karo kupitia mtu wa kati. Chuo halisi huwa na akaunti yake, na barua ya kukubaliwa huweza kuthibitishwa kwa kukiandikia moja kwa moja. Wakala anayesema hakuna haja ya kuuliza ndiye wa kuulizwa zaidi.

Njia ya pili

Kuna njia ambayo wahandisi wengi wameipitia: kusomea uhandisi wa mitambo au wa umeme humu nchini, kisha kwenda ng'ambo kwa shahada ya uzamili katika masuala ya anga. Ufadhili wa uzamili, kama vile Chevening wa Uingereza, DAAD wa Ujerumani na Erasmus Mundus wa Muungano wa Ulaya, ni mwingi kuliko ule wa shahada ya kwanza. Cranfield cha Uingereza, kilichoanzishwa 1946 kuwa chuo cha masuala ya ndege, hupokea wanafunzi wa uzamili na uzamifu pekee. Aidha, mwanafunzi wa miaka 23 huijua nia yake kuliko wa miaka 18.

Kwa yule ambaye moyo wake umekwisha kuamua, maswali ya kukiuliza chuo ni machache. Je, kozi hii ina ithibati ya nani, na hadi mwaka gani? Je, waliofuzu wakiwa wageni, si wenyeji, wako wapi leo? Je, mgeni huzuiwa katika maabara au mafunzo yoyote ya kazini? Je, karo imepandaje miaka mitatu iliyopita?

Chuo kinachojibu maswali hayo kwa maandishi ni cha kufikiriwa. Kinachoyakwepa na kutuma picha za mabweni na bustani, hata kikiwa na jina kubwa namna gani, heri kiachwe mapema. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na katika taaluma hii, mbacha ulioko nyumbani huweza kuwa ndio mwanzo wa safari.